Shemegi anataka niisifie enaji ya shokishoki, na ulimi wangu umekataa

BARUA

Assalaamu alaykum Shangazi,

Nina kibanda cha juisi hapa Chake Chake, kwenye njia wanayopita wanafunzi wakitoka skuli. Nauza bungo, ukwaju, pesheni, na embe ukifika msimu wake. Watu wananijua kwa ulimi. Bungo likianza kuchachuka mimi nalijua kwa kunusa tu, na nikisema leo ukwaju si mzuri, mteja hanung'uniki, anachukua kitu chengine.

Mdogo wake mume wangu analeta bidhaa za nje kupitia Unguja. Safari hii kaleta enaji, kinywaji cha kuchangamsha mwili, ambayo hapa hakuna aliyewahi kuiona. Ni kopo la rangi ya waridi la mililita 330, lina picha ya shokishoki lililomenywa nusu, maandishi ya nchi ya mbali, na kibandiko kidogo cha Kiingereza. Kanipa katoni sita za makopo 24 kwa mali kauli: kila kopo nitakalouza nimrudishie shilingi 1,500, mimi niuze 2,000. Kikombe cha bungo nauza 1,000, na nikitoa matunda, sukari na umeme wa Tukuza, mkononi hunibakia kama 300. Kopo ni 500 na halitaki kukamuliwa wala kuchujwa.

Sharti lake ni moja. Anataka nirekodi sauti ya WhatsApp aisambaze kwenye magrupu, niseme nimeonja na ni kama shokishoki la kweli, na makopo niyapange mbele kwenye friji pamoja na juisi zangu.

Shangazi, nimeonja. Nilichukua kopo stoo, lilikuwa vuguvugu kwa joto la bati, nikanywa nusu. Kwanza nilisikia marashi ya mawaridi, kama nimekunywa mrashi wa maulidi. Ukaja utamu mkali, kisha harufu ya dawa, kisha uchungu ukaganda nyuma ya ulimi kama panadoli iliyokwama. Tunda sikulipata. Na usiku ule mtoto wangu wa miezi minne, ninayemnyonyesha, hakulala.

Kibandiko kinasema sukari gramu 12, kafeini miligramu 32, taurini miligramu 400, juisi ya zabibu nyeupe asilimia 1, E330, E211, E120, halafu kwa herufi ndogo kabisa kwamba watoto wasipewe. Shemegi anasema 32 si kitu, kahawa ya barazani ina zaidi.

Kijana wa jirani yangu, yuko kidato cha pili, alipewa na shemegi makopo mawili ya bure baada ya mpira Gombani, ikawa kama saa moja usiku. Hakufumba jicho, na asubuhi mkojo wake ulikuwa wa manjano ya kung'aa. Mama yake alinijia mimi, kwa kuwa makopo aliyaona kwangu.

Mume wangu anasema: "Ni kinywaji tu, hujaambiwa uapie msahafu." Lakini lililo zito ni hili. Friji ninayotumia aliinunua shemegi biashara yangu ilipoanguka, na hajawahi kunidai hata shilingi. Nitamkatalia kwa uso gani? Na nikikubali, wateja wangu nitawatazama kwa uso gani?

*Mwenye Friji ya Watu, Chake Chake*

JAWABU

Waalaykumu salaam mwanangu,

Umeniuliza swali moja, lakini naona ndani yake mna matatu yaliyosokotana. Kuna la ulimi: kinywaji hiki kina ladha gani hasa? Kuna la mwili: kinamfaa nani na kinamdhuru nani? Na kuna la deni: friji ya shemegi inakudai nini? Yakikaa pamoja kila moja linalibebesha jenzake, na hivyo ladha mbaya inageuka sumu, na fadhila inageuka kamba ya shingo. Tuyafungue.

Nianze na ulimi, maana ndiyo kazi yako. Umeonja kopo vuguvugu, tena kwa mafunda makubwa. Ukali wa utamu uliousikia haukushangaza: kinywaji kikiwa cha moto sukari hujitokeza zaidi, na gesi hutoka haraka ikaondoka na ule mkwaruzo unaoukata utamu. Harufu ya mawaridi nayo si ushahidi wa udanganyifu kama ulivyoichukulia. Shokishoki na lichi ni ukoo mmoja wa miti, na harufu ya lichi hubebwa kwa sehemu kubwa na kemikali zilezile zilizomo kwenye mafuta ya waridi, mojawapo ikiwa geranioli. Harufu ya shokishoki lenyewe ni hafifu. Inaelekea mtengenezaji kachora shokishoki akatia harufu ya lichi, na pua yako iliyozoea mrashi ikaitambua sawasawa. Uchungu wa mwisho ni kafeini yenyewe, ambayo ni chungu kwa asili yake, na ile harufu ya dawa mara nyingi hutokana na vitamini za kundi B. Kwa hiyo ulimi haukukosea, ila ulilipima kopo katika hali yake mbaya kabisa.

Kabla ya kusema neno lolote kwa mtu, lionje upya kwa utaratibu. Lilaze kopo kwenye friji usiku mzima, chini kwenye ubaridi wa kawaida. Usiliweke kwenye sehemu ya barafu, maji yakiganda hutanuka na kopo hupasuka. Saa moja kabla usile urojo wala pilipili, usipige mswaki wa dawa, na chumbani kusifukizwe udi. Tayarisha glasi tatu. Ya kwanza ni enaji. Ya pili ni maji mililita 100 yaliyokorogwa na vijiko vitatu vya chai vya sukari na nusu kijiko cha ndimu, ambayo ni mifupa ya kinywaji kile bila ya harufu. Ya tatu ni juisi yako ya tunda halisi, hata ikiwa pesheni. Mwengine akumiminie, vijiko viwili vya chakula kila glasi, usijue ipi ni ipi.

Ziba pua, onja, zungusha mdomoni, meza. Kisha iachie pua. Enaji ukiwa umeziba pua itakaribia sana maji ya sukari na ndimu, ikizidi uchungu tu, na tunda litakuja lote kwa mpigo pale pua inapofunguka. Juisi ya kweli haifanyi hivyo, kwani hata pua ikiwa imezibwa huacha uzito wake, ukakasi wake na unyuzi wake kwenye ulimi. Suuza kwa maji, ngoja dakika chache, rudia. Halafu iache enaji nusu saa itoke gesi, uonje tena, kwa sababu ndivyo atakavyoinywa mteja anayekaa na kopo barazani. Hapo utakuwa na maneno ya kumwambia shemegi yanayozidi "mbaya" au "nzuri".

Na kibandiko chenyewe kimekwisha kukupa nusu ya jawabu. Juisi asilimia 1 katika mililita 330 ni mililita 3.3, hazijazi kijiko cha chai, tena ni za zabibu. Shokishoki humo limo kwenye picha na kwenye harufu.

Sasa la mwili. Shemegi wako kaisoma namba ya mililita 100 akadhani ndiyo ya kopo. Vibandiko vingi huandika hivyo, na 32 ndicho kiwango cha kawaida cha enaji kwa kila mililita 100. Ya kopo zima ni takriban miligramu 106. Sukari vilevile: 12 inakuwa kama gramu 40, yaani vijiko kumi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isivuke kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Juisi yako ya ukwaju uipime pia kwa kipimo hichohicho, nakutania lakini si sana.

Miligramu 106 ni nyingi au chache? Inategemea nani anakunywa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, katika ripoti yake ya 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya hana wasiwasi mpaka miligramu 400 kwa siku, na 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa anayenyonyesha na mwenye mimba ilisema 200 kwa siku. Wewe ulikunywa nusu kopo, kama 53. Mtoto wa miezi minne hukosa usingizi kwa sababu nyingi, meno, gesi, joto, na kafeini kidogo hupita kwenye maziwa, lakini kwa kiasi hicho sitathubutu kulishika kopo pekee. Usilijengee hoja mbele ya shemegi. Akilibomoa hilo, atayabomoa na mengine yaliyo ya kweli.

Kijana wa jirani ni habari nyengine. Kwa watoto na vijana ripoti ileile ilichukua miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kuwa kipimo cha kuanzia. Akiwa na kilo 50, hiyo ni 150. Yeye alikunywa kama 211. Na kafeini kwa mtu mzima hupungua nusu kwa kiasi cha saa tano, kwa hiyo aliyekunywa makopo mawili saa moja usiku, saa sita usiku bado alikuwa nayo mwilini kama aliyemaliza kopo zima dakika ile. Ndiyo maana hakulala. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walikwenda mbali zaidi mwaka 2011, wakasema vinywaji hivi havina nafasi kabisa kwa watoto na vijana. Isitoshe, kwa mtu aliyetoka jasho uwanjani sukari ya asilimia 12 hukawiza tumbo kupitisha maji, wakati maji ndiyo anayoyahitaji. Dafu au maji na chakula chenye chumvi vingemfaa zaidi.

Mkojo wa manjano usiwatishe. Inaelekea ni vitamini B2 iliyozidi, mwili unaitoa. Mwambie mama yake hivyo, atapumua. Lakini mwambie pia kijana akisikia moyo kwenda mbio, kutetemeka au kizunguzungu baada ya kunywa kitu kama hiki, apelekwe hospitali wala wasingoje asubuhi.

Hoja ya kahawa ya barazani ina ukweli wake. Kikombe kikubwa cha kahawa kali kinakaribiana na kopo hili. Ila kahawa chungu huja ya moto, kwa vikombe vidogo, na uchungu wake unamfukuza mtoto wenyewe. Hili ni baridi, tamu, la rangi ya waridi, na lina picha ya tunda analolipenda.

Kuna kitu hukuniuliza na mimi kimenisimamisha: E120. Hiyo ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu wadogo waliokaushwa. Wanazuoni wametofautiana, wapo wanaoikataza kwa kuwa ni mdudu na wapo wanaoiruhusu. Muulizeni sheikh mnayemwamini, wewe na shemegi pamoja, kabla mteja hajakuulizeni nyinyi. Taurini, kwa upande mwengine, mara nyingi husingiziwa kuwa inatolewa kwa ng'ombe. Iligunduliwa mara ya kwanza mwaka 1827 kwenye nyongo ya ng'ombe, lakini inayotiwa kwenye makopo hutengenezwa kiwandani kwa kemikali. E330 ni asidi kama ya ndimu, E211 ni ya kuzuia kuharibika. Na kwa kuwa bidhaa hii haijawahi kuonekana hapa, shemegi aende mwenyewe kwa Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, aulize kama ina kibali. Makopo yakikamatwa kibandani kwako, atakayeulizwa mwanzo ni wewe.

Tufike kwenye friji. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali shemegi alipolitaja. Hapana. Umelitaja wewe. Pengine analo moyoni, pengine alikwisha kulisahau siku aliyolinunua. Je, inawezekana unalipa deni ambalo hujadaiwa, tena kwa sarafu ambayo hakuiomba siku ile? Sijui, wewe ndiye uliyeishi naye. Naona tu kwamba anachokitaka safari hii kinazidi nafasi ya katoni sita. Anataka sauti yako, na hiyo ndiyo wateja wako wanayoinunua kila siku pamoja na bungo. Mume wako kasema hujaambiwa uape. Kweli, lakini ujumbe wa sauti ukishatoka hurudi na jina lako hata miaka miwili baadaye, na atakayeusikia si lazima awe na lebo mbele yake.

Njia ninazoziona ni hizi, na kila moja ina mwiba.

Unaweza kuuza kwa watu wazima tu, makopo yakae rafu ya chini mbali na juisi, bila kurekodi chochote. Faida ya katoni zote ni makopo 144 mara 500, yaani shilingi 72,000, si pesa ya kutupa. Mwiba wake ni pale unapokwenda kunyonyesha na kibanda kinabaki kwa mdogo wako au kwa mtoto wa jirani. Atamkatalia mwanafunzi mwenye 2,000 mkononi? Na mwanafunzi akimtuma kaka yake? Halafu piga hesabu ya nafasi: kila rafu ya makopo ni juisi ambayo haikupata baridi.

Unaweza kurekodi sauti, lakini useme yaliyomo. Kwamba ni enaji yenye harufu ya lichi, inataka baridi sana, ni tamu, kopo moja linatosha, na si ya watoto wala wajawazito. Wapo madereva wa usiku na walinzi watakaoinunua kwa maneno hayohayo. Mwiba ni kwamba shemegi huenda akaona umemharibia soko, na hata ujumbe wa ukweli huweza kukatwa katikati ukasambazwa nusu.

Unaweza kumrudishia katoni zake na kumwambia ungependa kuanza kulipia friji kidogo kidogo. Hilo litakufungua, lakini liwe na tahadhari kubwa. Mtu aliyekupa kwa ihsani ukimrudishia fedha anaweza kusikia umemtupia usoni, na mume wako akajikuta katikati. Kama utalichagua, tenganisha mazungumzo mawili hayo kwa muda, lisionekane moja ni malipo ya jengine.

Au umsaidie kutafuta pengine pa kuuzia, kwa wenye maduka ya standi ambao wateja wao ni watu wazima, na wewe ubaki na juisi zako. Bado utakuwa umetia mkono, na hilo moyo wako ndio utakaolipima.

Njia yoyote utakayoielekea, sharti za mali kauli ziwe wazi leo. Makopo yaliyobaki au kupitwa na tarehe ni ya nani? Yaliyobonyea kwenye mshono? Yaliyovimba kitako? Joto la bati huongeza shinikizo la gesi ndani na hupoteza harufu na baadhi ya vitamini, kwa hivyo kila siku yanapokaa stoo kwako thamani yake inashuka, na kama hamjakubaliana itahesabiwa umeyaharibu wewe. Yahamishie penye kivuli na upepo, yasiguse ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Ungeanza na nani? Mimi ningependa mume wako awe wa mwanzo, tena kwa hesabu badala ya lawama: mpe kibandiko, mpe kalamu, azidishe mwenyewe 32 kwa 3.3. Nadhani yeye na nduguye hawajapiga hesabu ile, na mtu hachukii sana kosa alilolikuta mwenyewe. Halafu shemegi aje nyumbani, asiitwe kibandani mbele ya wateja. Mpe glasi zile tatu aonje na yeye, ndipo umuulize: "Shemegi, wewe ungesema nini kwenye hiyo sauti?" Msikilize mpaka amalize kabla hujamwambia lako. Na lile la friji, kama halikutajwa na yeye, pima vizuri kama siku hiyo ndiyo siku yake.